Keki Saba za Athman

Bristol, 2 Machi 2009

Bibi Zakiya,

Shikamoo. Mama anakusalimu na anasema ule samaki, usijifanye huna meno. Nimekupigia simu kwa Nuha, mpwa wako anayekuuguza, mara mbili, lakini unajibu "Ee, ee" kwa kila kitu, hata nilipokuuliza kama umelala. Kwa hiyo narudi kwenye karatasi.

Tumeanza tena keki za msaada. Mwaka jana ilikuwa tangi la maji, mwaka huu ni paa la madrasa ya kisiwa cha Chula. Kila Jumamosi ukumbi wa msikiti hujaa: mimi naoka na kupamba, rafiki yangu Mwanalima anauza na kugombana na wanaotaka kuonja bure. Wiki iliyopita nilitengeneza keki ya umbo la kofia ya viua, vitobo vyote kwa sukari, mgongo ukaniuma siku mbili. Mzee aliyeichukua alikataa kuikata. Alisema ataona kama anakata kichwa cha babake.

Ndani ya kila sanduku natia kijikaratasi: "Muombeeni baba yangu Athman Sheikhan, fundi wa mashua wa kisiwa cha Ngumi, Mungu amrudishe." Huu mwaka wa tatu nafanya hivyo.

Sasa shida yangu. Mchumba wangu Fahmi amechoka kungoja. Yeye hasemi, ila mamake humsemea. Nimewaambia ndoa haitafungwa mpaka walii wangu wa kuniozesha apatikane, na walii wangu ni baba. Yu hai. Kule kambi ya wakimbizi Jomvu alikuwa akiniletea keki kila Idi, jina langu limeandikwa juu. Mtu aliyekumbuka Idi saba hawezi kumsahau mtoto. Keki hizo zilipitia mikononi mwako, Bibi. Nipe majina ya mabaharia waliozileta na bandari walizotoka. Nitawatafuta mmoja mmoja.

Na nifundishe ule mkate wa sinia. Wangu unabonyea katikati.

Mjukuu wako,
Wafaa


Mombasa, 29 Machi 2009

Mwanangu Wafaa,

Barua yako imenikuta kitandani, mahali ambapo siku hizi kila kitu hunikuta. Daktari kijana amesema moyo wangu umechoka. Nikamwambia ungekuwa mwanafunzi wangu ningeupa ruhusa uende nyumbani. Hakucheka.

Nalala mchana, naamka mchana, na baina yake nakuwa popote. Jana nilikuwa darasani Kismayu, nikimfundisha mamako na wenzake. Vumbi la chaki lilikuwa likishuka polepole juu ya nywele za wasichana, nikatazama vizuri nikaona si chaki, ni unga wa mchele. Wasichana wote walikuwa wamefumba macho na kuinua nyuso, kama watu wanaopigwa na manyunyu ya kwanza. Hakuna aliyekohoa. Nuha aliponigusa bega nilimwambia afunge dirisha, unga usipeperuke.

Mkate wako unabonyea kwa sababu una haraka. Loweka mchele, usage na tui zito, tia hamira, sukari na iliki, kisha uuache uumuke wenyewe. Usiuchungulie. Ute wa yai piga mwisho, uuingize kwa mkono mwepesi. Moto wa chini uwe mdogo na wa juu uwe mkali. Sisi tulikuwa tukipalia makaa juu ya kifuniko. Wewe una jiko la umeme, basi ule moto wa juu uwashe mwishoni tu, usiondoke hapo, na usiongee na simu.

Kuhusu mabaharia, ni miaka mingi. Walikuwa watu wa kupita, majina yamenitoka. Olewa, mwanangu. Ami yako Mzamil yuko Malindi, anaweza kusimama badala ya baba yako. Hakuna atakayekulaumu.

Bibi yako,
Zakiya


Bristol, 20 Aprili 2009

Bibi Zakiya,

Mkate umekubali. Umesimama kama mto mpya wa kulalia. Mama alikula vipande vitatu bila kukaa, akaingia bafuni, akafungulia maji, akakaa humo muda mrefu.

Lakini eti majina yamekutoka! Wewe ambaye ukikutana na mzee sokoni unamwambia darasa alilokaa, na babake, na jinsi alivyokuwa akiiba chaki? Nadhani unamficha mtu. Labda baba ana mke mwingine Adeni, walikokimbilia wengi wetu. Awe nao hata watatu, mimi namtaka asimame dakika tano tu, aseme, "Nimemwoza binti yangu," kisha arudi kwao.

Nimekata tiketi ya Adeni, mwezi wa saba. Nitapita bandari moja baada ya nyingine na picha yake. Fahmi nimemrudishia pete. Aliishika, akasema, "Mimi sishindani na mzee wako, Wafaa. Lakini miaka yote hii hata salamu za mdomo hakuna?" Nilimkasirikia siku nzima.

Ukikumbuka jina moja tu, niandikie kabla sijaondoka.

Wafaa


Mombasa, 11 Mei 2009

Mwanangu Wafaa,

Ukiwa ukumbini na watu, ikunje barua hii ukaisome nyumbani.

Usiende Adeni. Baba yako hayuko Adeni wala bandari nyingine yoyote. Athman Sheikhan alikufa kisiwani Ngumi, siku ya nne ya Ramadhani mwaka 1991, ndani ya chumba changu. Mimi ndiye niliyemfumba macho. Hakuna baharia aliyeleta keki. Zote saba niliziandaa mimi.

Nimeiandika aya hiyo mara nyingi kichwani tangu miaka hiyo, na kila mara ilikuwa ndefu. Kumbe ni fupi hivi.

Unajua kwamba watu wa Kismayu tulikimbilia visiwani mapigano yalipofika mjini, na kwamba baba yako aliwapakia wewe na mamako katika mashua ya kwanza ya kwenda Kenya. Yeye alibaki amalizie kuziba mashua ya pili, ili itubebe sisi wazee. Alikuwa bado ana pamba na mafuta mkononi walipokuja watu wenye bunduki kuitaka. Aliwaambia haijazibwa, itazama. Walidhani anawadanganya. Wakampiga risasi ya tumbo, wakaishusha mashua majini, na kweli ikaanza kuzama, wakaiacha. Alikaa siku mbili. Alizikwa na kaka yangu Badi na wazee wengine wawili, kwa upande wa kibla wa msikiti mdogo. Wale watatu hawakuvuka bahari, wamefia huko huko. Mimi nilivuka na wavuvi wa Kudhaa, nikiwa nimebeba sufuria yangu na habari ile.

Nilifika Jomvu siku mbili kabla ya Idi. Mamako alikuwa na homa kali, hawezi kuinua kichwa. Daktari wa kambi alisema asishtuliwe kwa jambo lolote. Nikasema, basi, akipata nafuu. Nawe ulikuwa na miaka minne, ukikaa mlangoni mwa hema na kutazama kila mwanamume anayepita, kuanzia miguuni.

Asubuhi ya Idi nilipata unga, yai moja, na sukari ya unga kidogo kutoka kwa mama mmoja wa Mombasa aliyekuja kutoa sadaka. Nilioka kwa makaa. Ile sukari nikaikoroga na ute wa yai na tone la ndimu, nikakunja karatasi kama wanavyokunja wauza karanga, nikatoboa ncha. Ulikuwa uso mweupe, laini, na mwalimu akiona uso mtupu huandika. Nikaandika jina lako. Uliposogea na kuliona, hukujua kusoma, lakini ulijua kwamba ni lako. Ukaniuliza, "Baba kaleta?"

Nikasema, "Ndiyo."

Wafaa, sikupanga. Neno lilitoka kama pumzi. Ukakimbia kambi nzima na sinia kichwani, ukiwaambia watu baba kaleta keki, na watu wakalia kwa furaha, na mimi nikasimama katikati yao na vidole vinavyonata.

Nilisema uongo huo nitaurekebisha wiki ijayo. Ikaja Idi nyingine, ukaanza kuniuliza wiki tatu kabla. Nikaoka tena. Nikajifunza kupamba: nikachora mashua kwa zafarani, nikachora samaki, nikaandika maneno kwa niaba yake. Na hapa ndipo dhambi yangu ilipo. Si kwamba nilisema uongo. Ni kwamba niliupenda. Nilipokuwa nimeinamia keki na ile karatasi mkononi, kambi ilikuwa inanyamaza, kelele za foleni ya maji zinazama mbali, na Athman anakuja kuchuchumaa upande wa pili wa sinia, mzima, tumbo lake zima, ananiambia niandike nini. Nilikuwa nikiandika polepole ili asiondoke. Sikuwa na mtoto, sikuwa na mume. Nilikuwa na asubuhi hiyo moja kwa mwaka.

Kwa ajili ya asubuhi hiyo mamako hakukaa eda. Nimemwacha kijana wa watu, kabinti ka miaka ishirini na saba, awe mke wa maiti. Baba yako hakusomewa hitima. Nawe umemrudishia pete mtu mwema kwa ajili ya sukari yangu.

Sioni siku nyingi mbele. Sitaki kuonana na Athman kabla sijapata radhi yenu. Naiomba kwako na kwa mamako Barke, nikiwa na akili zangu timamu.

Zakiya


Bristol, 6 Juni 2009

Mwalimu wangu Zakiya,

Leo siku ya tisa Wafaa hajasema nami. Anaoka tu na kugonga masufuria. Mwandiko wangu ni ule ule uliokuwa ukiuchapa kwa rula, uvumilie.

Nisikilize. Nilijua.

Nilijua tangu keki ya kwanza, na homa yangu. Ile sufuria yako ina kiraka chini alichokitia fundi wa Kismayu, na kila mkate unaotoka humo una alama tumboni kama kitovu. Keki itoke Arabuni na kitovu cha sufuria yako? Na ni mtu gani huyo anayevusha mkate wa tui bahari nzima na usichache? Halafu Athman! Mungu amrehemu, mume wangu hakuniletea kitu kitamu tangu siku ya harusi. Angekuwa hai angeleta papa mkavu, na angenidai nimpikie siku ile ile. Nikakutazama usoni, wewe uliyekuwa ukinyamazisha darasa kwa jicho moja, ukatazama chini. Basi nikajua kila kitu isipokuwa mahali pa kaburi. Ahsante kwa kunipa.

Utauliza mbona nilinyamaza. Shemeji Mzamil alikuwa anashinda mlangoni mwa hema, anasafisha koo. Alishawaambia wazee kwamba mke wa ndugu hatupwi. Alikuwa na wake wawili tayari na wote wawili walinionea huruma. Siku Wafaa alipopita anapiga kelele baba kaleta keki, nilimwona Mzamil akiinuka, akakung'uta msuli wake, akaenda zake. Mwenye mume yu hai haposwi. Kila Idi keki yako ilikuwa inakaa mlangoni pangu kama askari. Wewe ulidhani unanidanganya, nami nilikuwa nakutumia. Nani amwombe nani radhi?

Eda nilikaa. Miezi minne na siku kumi, bila wanja, bila udi, nguo moja. Kambini nani angeona tofauti? Na kila Ijumaa nilimsomea Yasini kimoyomoyo huku nimeshika foleni ya maji.

Radhi yangu unayo, na unipe yako. Lakini Mwalimu, tulimsahau mmoja. Sisi wawili tulikuwa tunacheza, kila mmoja na siri yake, na katikati alikuwapo mtoto anayeamini. Huyo siwezi kumsemea. Jana nilimwambia kwamba mimi pia nilijua. Aliweka mwiko chini, akasema, "Kumbe nilikuwa peke yangu." Akatoka.

Mwanafunzi wako mvivu,
Barke


Bristol, 30 Juni 2009

Bibi Zakiya,

Tiketi nimeirudisha.

Mama amekupa radhi. Hiyo ni yake. Yangu bado sijui ilipo. Natafuta, sioni. Jumamosi nilisimama ukumbini na vile vijikaratasi mkononi, sikuweza kuvitia ndani ya masanduku wala kuvitupa. Mwanalima akavichukua, akavitia mkobani mwake bila kuniuliza. Watu wote hawa nimewaombesha arudi.

Maneno yote ya zile keki nayajua. "Wafaa." "Idi njema mwanangu." "Soma sana." "Usimsumbue mama." "Nakuona unavyokua." "Nakuja." Na ya mwisho, "Nenda salama," mwaka tulioitwa kuja huku. Herufi nilikuwa nazila mwisho. Mwaka mmoja sikuzila, nilizikausha nikazificha ndani ya soksi, wakaja sisimizi. Ninapopamba keki hapa, huwa naanza herufi ya kwanza kama baba alivyokuwa akianza, kwa kikonyo kidogo. Sasa naambiwa ni kikonyo chako.

Nina swali moja, na radhi yangu imekaa juu yake. Katika maneno hayo yote, lipo hata moja lililotoka kinywani mwake? Moja tu. Usinipambie.

Wafaa


Mombasa, 14 Julai 2009

Mwanangu Wafaa,

Mkono wangu umekataa. Anayeandika ni Nuha, mtoto wa ndugu yangu, mimi nasema.

Hakuna. Hata moja. Yote yalikuwa yangu. Naweza kukupa moja ukafurahi, na Mungu anajua limenijia mdomoni sasa hivi, lakini umeniambia nisipambe.

Siku ya kwanza baba yako alisema mengi, yote ya mashua: pamba haikutosha, ubao wa nne kutoka nyuma una kasoro, mwambieni Badi. Aliwatukana wale watu, sitayarudia. Alitaka maji nasi tukamlowesha midomo tu. Siku ya pili alikuwa kama mtu aliye chini ya maji, anatutazama kutoka huko, na mwanga wa mchana ulikuwa umejaa chumbani, mweupe, hauna joto. Mpaka leo nikifumba macho naingia katika mwanga ule.

Baada ya adhuhuri akageuza uso kuelekea pembeni, mahali pasipo na kitu. Akauliza, "Mtoto kafunikwa?"

Wewe ulikuwa umeshaondoka siku kumi na moja. Nikasema, "Kafunikwa."

Akasema, "Na miguu?"

Nikasema, "Na miguu."

Basi. Hakusema neno jingine. Kwa hiyo unaona kwamba sikuanzia kambini kudanganya. Maneno hayo sikuwahi kuyaandika kwa sukari. Mkono ulikuwa ukitaka, nami nikauzuia, kwa sababu hayo hayakuwa yangu.

Zakiya


Bristol, 9 Agosti 2009

Bibi Zakiya,

Nilimwuliza Mama. Anasema ndiyo, nilikuwa nikitoa miguu nje ya shuka kila ninapolala, na baba alikuwa akiamka kuirudisha, akinung'unika kwamba mtoto huyu ana miguu ya kaa.

Alhamisi tulisoma hitima. Ukumbi ulijaa mpaka ngazini. Niliomba nitaje jina mimi, nikasema "marehemu Athman bin Sheikhan," na neno lile la kwanza nikalisema mara mbili. Sikupamba kitu. Tulitoa mkate wa sinia mtupu na kahawa. Mwanalima aliwapa watu vile vijikaratasi, kila kimoja amekata "Mungu amrudishe" kwa kalamu na kuandika "Mungu amrehemu." Alikuwa amekaa navyo wiki zote hizo, wala hakuniambia.

Jana nimeolewa na Fahmi, kwa pete ile ile niliyomrudishia. Ami Mzamil aliniozesha kwa simu kutoka Malindi, akampa imamu uwakala, akipiga kelele kana kwamba anatuita kwa mdomo. Baada ya kumaliza akauliza kama Barke yupo karibu. Mama akasema, "Mwambieni nimeenda sokoni." Fahmi alicheka mpaka imamu akamtazama. Keki nilioka mwenyewe, ingawa wote walinikataza.

Bibi, radhi yangu hii hapa. Nimeipata. Nakupa yote, ya keki saba na ya miaka iliyofuata, duniani na akhera. Ukionana naye mwambie nimefunga ndoa.

Wafaa


Mombasa, 27 Agosti 2009

Dada Wafaa,

Assalamu alaikum. Shangazi Zakiya amefariki Jumapili, siku ya pili ya Ramadhani, saa za dhuha. Amezikwa siku hiyo hiyo. Wanafunzi wake wa zamani walijaa hata tukakosa pa kusimama, wengine wana mvi.

Barua yako ilimkuta. Nilimsomea Ijumaa. Pale penye radhi akasema, "Soma tena," nikasoma, "Tena," nikasoma mara nne. Akaniuliza, "Keki ya harusi ilikuwa ya rangi gani?"

Niliitazama barua mbele na nyuma. Hukuandika. Nikamwambia ilikuwa nyeupe, ya ngazi tatu, na maua ya asumini yanashuka ubavuni mpaka kwenye sinia. Akauliza, "Na jina?" Nikasema jina liko juu, kwa zafarani, limeanzwa kwa kikonyo kidogo. Akatabasamu, na kidole chake kikatembea juu ya shuka, polepole, kama mtu anayeandika.

Nisamehe, nilimdanganya. Hebu niambie kweli, ilikuwa ya rangi gani?

Ndugu yako,
Nuha